Mkondo wa Zamani

Kitanda cha Bibi kilipandishwa juu ya matofali siku ya Ijumaa, na tangu hapo hakuweza kushuka mwenyewe. Alikuwa ameyadai matofali hayo wiki nzima. Sasa aliketi juu kama mzigo uliopakiwa kwenye lori, miguu yake iliyovimba ikining'inia, akaitazama sakafu kwa mashaka.

"Na nikitaka kwenda chooni?"

"Utaniita," alisema mwanawe.

"Na usipokuwepo?"

"Utamwita mkweo."

"Na maji yakija mmelala fofofo?"

"Mama, si ndiyo sababu ya kukupandisha?"

"Kwa hiyo nyinyi mzame, mimi nibaki huku juu nikiwatazama. Hongera, fundi."

Mwanawe alikuwa fundi wa majokofu, na mtaa mzima ulimwita hivyo tu, Fundi. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba hiyo hiyo. Majokofu yaliyongoja gesi, vipuri au wenyewe yalipangwa ukutani milango ikiwa imeachwa wazi yasinuke. Mkewe alikuwa ameajiriwa kwenye maabara ya utafiti wa bahari, na kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuosha matope, mtaa ulimwita Bi Matope. Jina hilo halikumuudhi. Lilikuwa sahihi.

Matope yenyewe yalitolewa chini ya bahari kwa bomba refu, mbele ya mlango wa mto. Ya juu yalikuwa ya juzi, ya chini kabisa ya maelfu ya miaka. Bi Matope aliyaosha kwenye chekecheo, akabaki na vijigamba vidogo kuliko punje ya chumvi, na kwa vijigamba hivyo wenzake walipima bahari ilikuwa na joto kiasi gani wakati wadudu wa baharini waliovivaa walipokuwa hai. Mchanga uliobaki kwenye chekecheo ulionyesha jambo la pili: mto ulileta nini wakati huo huo, yaani mvua ilinyesha kiasi gani bara. Mambo hayo mawili yakiwekwa pamoja, yalisema kitu kimoja, na Bi Matope alikisema nyumbani kabla hakijaandikwa popote.

Hakukusudia. Alikuwa na kasoro moja ya kikazi: akiulizwa swali, alijibu swali lile lile aliloulizwa. Walikuwa wanakula, na Fundi akamtania kama kawaida yake.

"Haya, matope yamesemaje leo?"

Akamwambia. Bahari ikipata joto na kukaa nalo miaka mingi mfululizo, mvua za msimu huhamisha uzito wake na kuja upande huu. Zikija upande huu, mto huzidiwa na kurudi kwenye mkondo wake wa zamani. Mkondo wa zamani ndio mtaa huu. Hilo la mwisho halikuwa siri ya maabara; kila aliyewahi kuchimba shimo la choo pale alikutana na kokoto za mviringo, zilizolainishwa kama mayai.

"Na bahari sasa hivi?" Fundi aliuliza.

"Ina joto kama la tabaka zile."

"Kwa hiyo mto unarudi lini?"

"Matope hayatoi tarehe. Mara moja ilichukua kama miaka ishirini baada ya bahari kupata joto. Mara nyingine mia tatu."

Fundi akacheka hadi akakohoa. "Mia tatu! Hapo hata lile jokofu la mwalimu nitakuwa nimelimaliza."

Bibi hakucheka. "Umesema mara moja ilichukua ishirini."

"Ndiyo, mama."

"Na hii ya sasa imeanza kupata joto lini?"

"Ishirini imeshapita."

Bibi akaweka kijiko chini. Tangu siku hiyo hakupata usingizi mvua ikinyesha, na mwanawe, ambaye hakuamini matope lakini alimwamini mama yake, akaanza kutafuta nyumba mlimani.

*

Aliipata. Ilikuwa nyumba ndogo ya vyumba viwili juu ya kilima, mwenye nyumba anahama, yuko tayari kungoja hadi mwisho wa mwezi na si zaidi. Ili kuinunua ilibidi kwanza kuuza hii. Fundi akamwita dalali, mtu mfupi mwenye miwani myeusi mikubwa na simu mbili, aliyemwita kila mtu bosi, hata mtoto wa jirani.

Asubuhi mnunuzi alipotarajiwa, Fundi alimfunga mkewe kamba ya maneno wakiwa chumbani.

"Sikwambii useme uongo."

"Vizuri."

"Sema tu ulichokiona kwa macho yako. Umewahi kuona maji yakiingia humu?"

"Sijawahi."

"Basi. Hilo hilo. Usiongeze chumvi, usiongeze na matope."

Mnunuzi alikuwa mama wa makamo aliyeshona sare za shule, na wenye watoto walimwita Mama Sare. Alikuja na futi ya kushonea shingoni, akavipima vyumba kwa futi hiyo hiyo, akipiga magoti na kusogea, akitamka vipimo kwa sauti. Aligonga kuta kwa vifundo vya vidole. Aliuliza umeme unakatika mara ngapi na kama soketi zinabeba cherehani sita kwa pamoja. Kila alichouliza, dalali alikijibu kabla ya wenye nyumba.

Walipofika chumba cha Bibi, Mama Sare alisimama mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu huko chini."

"Mbona wamekupandisha hivyo?"

"Panya," alisema Fundi haraka.

"Ni panya wa kawaida tu, bosi," dalali akaongeza. "Wenye adabu zao. Paka mmoja anawatosha."

"Wengine wanajua kuogelea," alisema Bibi.

Fundi akakohoa. Dalali akacheka peke yake, kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, na kumshika Mama Sare kiwiko kumwelekeza ukumbini. Lakini Mama Sare alikuwa mtu wa kupima mara mbili kabla ya kukata. Alimgeukia Bi Matope, ambaye hadi hapo hakuwa amesema zaidi ya karibu.

"Dada, nasikia wewe unafanya kazi ya bahari na mvua."

"Ndiyo."

"Basi mimi nakuuliza wewe, hawa wanaume niwaache. Hapa ni bondeni. Maji yanafika?"

Fundi aliangalia dari. Dalali alizima simu zote mbili.

"Tumekaa hapa miaka kumi na sita," alisema Bi Matope. "Sijawahi kuona maji yakiingia."

Mama Sare aliachia pumzi, akavuta futi shingoni na kuikunja. "Nilitaka neno hilo tu. Mganga akinywa dawa yake mwenyewe, mgonjwa ni nani akatae? Kama mtu wa mvua analala hapa, mimi nitalala mpaka nikorome. Jumatatu naleta malipo ya kwanza."

Alipoondoka, Fundi alimshika mkewe bega. Hakusema asante, maana kusema asante kungekuwa kukubali kwamba kuna jambo limefanyika.

*

Jumatatu asubuhi Bi Matope alikuwa kwenye hadubini, akiokota vijigamba kimoja kimoja kwa ncha ya brashi iliyolowa. Ni kazi isiyotaka kuvuta pumzi ovyo. Alivipoteza vitatu, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Mkuu wa maabara alipopita na mkoba wake akielekea mkutanoni, alimsimamisha.

"Samahani, mkuu. Mtu akitaka kununua nyumba kule kwenye mkondo wa zamani, tunamwambia nini?"

"Hatumwambii kitu. Ripoti ikitoka ataisoma."

"Huyu hasomi ripoti. Anashona sare."

Mkuu alitabasamu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameona vichwa vya habari vikiharibu kazi ya miaka mingi, na tangu hapo alizungumza kama anayetembea juu ya mayai. "Sikiliza, dada. Sisi tunaongea na karne. Wanunuzi wa nyumba wanaongea na mwisho wa mwezi. Ukimwambia mtu hatari ipo halafu ukashindwa kumwambia lini, hujampa elimu, umempa ugonjwa. Kwani ni nani, ndugu yako?"

"Ni nyumba yangu."

"Yako ipi?"

"Ya kule. Tunakaa kule."

Mkuu alivua miwani yake. Alimtazama mwanamke aliyefanya naye kazi miaka yote hiyo kana kwamba ameingia chumbani sasa hivi.

"Bado?" akauliza.

Alijaribu kulirekebisha neno hilo, akasema kwamba alimaanisha, unajua, usafiri, umbali. Lakini lilikuwa limeshatoka. Bi Matope aliomba ruhusa ya saa moja, akafunika sahani ya vijigamba, akavua koti jeupe.

*

Mama Sare alishonea kwenye ujia wa chini ya ngazi za jengo la maduka, akilipia nafasi ambayo watu waliipita wakienda chooni. Kaptura za shule zilining'inia juu kwa juu, na ili kumfikia mtu ilibidi uinamie kama unaingia bandani. Alimpisha mgeni wake kiti, yeye akabaki kwenye cherehani, mguu juu ya pedali.

"Nilikuwa nakuja na dalali mchana. Mbona umenitangulia? Au mnataka zaidi?"

Bi Matope alimweleza. Alimweleza kwa mpangilio aliouzoea, bahari kwanza, mvua ya pili, mto wa tatu, na mtaa mwisho. Cherehani ilinyamaza alipofika kwenye mto.

"Mmepata mwingine," alisema Mama Sare.

"Hapana."

"Ananizidi kwa kiasi gani? Sema tu, mimi si mtoto."

"Hakuna mwingine. Nakwambia ninachokijua."

"Sawa. Lini?"

"Sijui."

"Mwakani?"

"Inawezekana, lakini uwezekano ni mdogo."

"Baada ya miaka mia?"

"Inawezekana zaidi."

"Dada yangu, mimi nikimwambia mwalimu mkuu kwamba sare zitakuwa tayari kati ya kesho na miaka mia, atanifungulia mbwa." Baadhi ya waliokuwa wakienda chooni walicheka; mmoja alisimama asikilize. Mama Sare hakucheka. Alikuwa anafikiri, na uso wake ulikuwa umeanza kubadilika. "Ngoja. Juzi niliposimama pale kwenu, haya ulikuwa unayajua?"

"Nilikuwa nayajua."

"Ukaniambia hujawahi kuona maji."

"Sijawahi."

"Hujawahi. Kweli kabisa." Alikata uzi kwa meno. "Uongo ningekusamehe. Waongo nimewazoea, ndio wateja wangu. Mzazi ananiambia kesho nalipa, mimi najua si kesho, tunaelewana. Lakini kweli iliyosemwa ili inidanganye, hiyo sijui niishone kwa uzi gani. Nenda tu, dada. Na kiti nirudishie, kuna mteja."

*

Dalali alifika kabla ya chakula cha jioni, bila miwani. Macho yake yalikuwa madogo na ya mtu aliyechoka. Alisimama nje ya mlango ili mtaa usikie.

"Fundi! Mimi na wewe tuna ugomvi gani? Nimekuletea mteja ameiva, mkeo anakwenda kumfuata hadi dukani kumwambia asinunue! Umeona wapi muuza samaki anatembea na mteja kumwonyesha mwiba?"

"Dalali, ingia ndani tuongee."

"Siingii. Nyumba yenyewe mmesema itasombwa, niingie nikafe?"

Kufikia usiku ule mtaa mzima ulikuwa na habari, na kila nyumba iliipokea kwa namna yake. Mzee wa nyumba ya pili, aliyekuwa na mnunuzi wake pia, alikuja kuuliza kwa upole kama Bi Matope angeweza kukanusha. Wenye wapangaji walilalamika kwamba wapangaji wameanza kuomba wapunguziwe kodi. Mwenye duka aliyeweka jokofu lake kwa Fundi alikuja na mkokoteni akalichukua, bovu vile vile. Asubuhi moja walikuta mlangoni bakuli la matope limefunikwa kwa kitambaa safi, na kikaratasi: *Tupimie na sisi.*

Hakuna aliyehama. Ili uhame ulihitaji mtu wa kumuuzia nyumba, na mtu huyo hakuwepo tena.

Mwisho wa mwezi ukapita. Nyumba ya mlimani ikachukuliwa na mwingine. Fundi alipewa taarifa kwa ujumbe wa simu, akausoma akiwa amepiga magoti nyuma ya jokofu, akaendelea kulehemu bomba mpaka likakamilika. Kisha akaingia jikoni.

"Ungeniambia kwanza."

"Ungenikataza."

"Ndiyo, ningekukataza. Hiyo ndiyo kazi ya mume. Mimi nakukataza, wewe unafanya, halafu nakulaumu. Umeninyima hata hiyo."

Bi Matope alikuwa anachambua mchele. Aliendelea kuchambua. "Kama angenunua, na maji yakaja, ungelala?"

"Ningelala mlimani, mama. Mlimani watu wanalala."

"Haya."

"Usiniambie haya!" Ilikuwa mara ya kwanza kumpandishia sauti, na kutoka chumba cha pili Bibi akaita kwamba kama wanapigana, kwanza wamshushe, naye ashiriki. Fundi akaenda kumshusha. Alimbeba kama alivyobeba majokofu, mkono mmoja chini ya magoti na mmoja mgongoni, akipumua kwa mdomo. Bibi, akiwa mikononi mwake, akamnong'oneza kwamba mkewe amefanya jambo la kijinga na la haki, na kwamba mambo hayo mawili huwa yanapanda gari moja.

*

Mama Sare alirudi mvua za kwanza zilipoanza kunukia hewani. Hakuja na dalali. Alikataa kukaa.

"Pale chini ya ngazi wananitoa. Kwa hiyo nimekuja. Kununua, sinunui. Kupanga, napanga, mwezi kwa mwezi. Nataka hiki cha mbele na kile cha pembeni."

"Hiki ni karakana," alisema Fundi.

"Ulikuwa na majokofu mangapi mwezi uliopita?"

Ukutani palikuwa na moja, la mwalimu.

"Utatengenezea uani," Mama Sare akamwamulia. "Kodi nitalipa, sina neno. Maji yakija nabeba vichwa vya cherehani nakwenda zangu, meza zibaki. Ila nina sharti moja, na sharti lenyewe ni huyu." Alimwelekezea Bi Matope kidole. "Huyu lazima alale hapa. Huyu na mama mkwe wake pale juu ya matofali. Siku wakihama, nami nahama siku hiyo hiyo."

"Nikijua lolote nitakwambia," alisema Bi Matope.

"Maneno yako siyataki, dada. Nilishayavaa, hayakunitosha. Nataka kukuona. Nikifika asubuhi nikikuona unapiga mswaki, najua kumekucha salama."

Fundi alimtazama mkewe, mkewe akatazama chumba kilichokuwa na jokofu moja. Watoto wao wawili walikuwa shule ya bweni, na shule ilikuwa imeandika kudai ada. Wakakubali. Kutoka chumbani, Bibi, aliyesikia kila neno, alisema kwa sauti ya kutosha, "Basi tumekuwa jogoo wa mtaa. Wao walale, sisi tuwike."

Hakujua alivyosema kweli. Sharti la Mama Sare lilikuwa na mantiki, na mantiki huambukiza. Ndani ya wiki chache mtaa mzima ulikuwa umelichukua bila kulipia kodi. Waliomnunia Bi Matope walianza kupita mbele ya mlango wake asubuhi, wakitafuta sababu. Aliyekuja kuomba kiberiti alitupa jicho ndani, akaona nguo kwenye kamba, akaondoka na moyo mweupe. Bi Matope alipochelewa kutoka kazini siku moja, alimkuta mzee wa nyumba ya pili amesimama barabarani na mwavuli, eti ananyoosha miguu.

*

Kaka mkubwa wa Fundi, aliyekuwa msimamizi wa ghala na mkaazi wa kilimani, alimwoza binti yake, na chumba cha binti kikabaki kitupu. Akakipaka rangi. Jumamosi moja, mvua ikinyesha tangu alfajiri, alikuja na pikapu ya kukodi kumchukua mama yake.

Jambo lenyewe halikuchukua muda. Fundi alimshusha Bibi kitandani kwa mara ya mwisho, kama walivyoamini, akamketisha kiti cha mbele cha pikapu, akamfunga mkanda. Mabegi mawili na godoro vikawekwa nyuma, chini ya turubai. Bibi alikuwa amevaa gauni la kutokea. Tangu siku ya kijiko ile, hakuna aliyekuwa amemwona ametulia hivyo.

Mlango wa mbele ukafunguka na Mama Sare akatokea, pini mdomoni.

"Bibi anaenda wapi?"

"Anahamia kwangu," alisema kaka mkubwa kwa furaha. "Kilimani."

Mama Sare alitoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kifuani. Alimtazama Bi Matope. "Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Ni miguu yake tu. Chumba kimepatikana."

"Na mvua hii?"

"Ni ya kawaida. Nimeangalia vipimo jana, mto huko juu uko chini ya wastani."

Yote yalikuwa kweli. Mama Sare aliyasikiliza kama mtu anavyoiinua noti kwenye mwanga. Kisha akarudi ndani, na wakasikia mlio wa chuma: alikuwa anafungua vichwa vya cherehani kutoka kwenye meza.

Mtoto mmoja aliyekuwa anacheza kwenye mfereji aliona godoro nyuma ya pikapu, akakimbia kwao. Hakupiga kelele. Alisema tu, ndani ya nyumba moja, kwamba kina Bi Matope wanahama. Dirisha likafunguka upande wa pili, na jingine. Mzee wa nyumba ya pili akatoka na redio kwapani na koti la suti juu ya nguo za kulalia. Watu wawili walipita wakiwa wamebeba kabati, wakiteleza, wakilaumiana. Mwenye duka alikuwa anavuta lile jokofu lake bovu hadi barabarani, akiwa peke yake, akilia kwa hasira. Mtu mwingine alikuwa juu ya paa, anang'oa mabati.

"Hakuna kitu!" Bi Matope alisema. Alikwenda katikati ya barabara na kuinua mikono. "Jamani! Hakuna mafuriko! Nimepima!"

"Ulimwambia hivyo hivyo Mama Sare!" mtu akamjibu akipita, na hakusimama.

Alimshika mkono jirani mmoja, jirani akajinasua. Fundi alikuwa anasukumana na mtu aliyetaka kupakia mizigo yake kwenye pikapu. Kaka mkubwa, asiyejua lolote kuhusu matope wala matofali, aliuliza mara kadhaa kama hawa watu wana wazimu, na hakupata wa kumjibu.

Bibi aliyaona yote kupitia kioo kilichokuwa kinapanguswa na wipa. Alimwona msichana wa nyumba ya kona, aliyejifungua juma lile, akitoka mvuani pekupeku na kichanga kimefungwa kwenye shuka, akitazama huku na huku asijue aelekee wapi. Maji ya mvua yalikuwa yanatiririka kwenye paji la uso la kile kichanga.

Bibi akagonga kioo. "Nishusheni."

"Mama, tunaondoka sasa hivi," alisema kaka mkubwa. "Mvua ndiyo hii."

"Nimesema nishusheni."

"Chumba nimekipaka rangi!"

"Mpangishe mtu."

Fundi alifungua mlango wa pikapu. Akamtazama mama yake kana kwamba anamsihi abadili neno. Bibi akamnyooshea mikono. Akambeba, akampitisha katikati ya makabati na magodoro ya watu, polepole, hadi barazani, na Bi Matope akamletea kiti kikubwa cha ukumbini, kile cha wageni. Wakamketisha pale penye mwanga, uso mbele, miguu yake iliyovimba juu ya ndoo iliyogeuzwa.

Watu wakapunguza mwendo. Wa juu ya paa akaacha kung'oa. Kaka mkubwa alishusha mabegi na godoro yeye mwenyewe, akayarusha ukumbini, akaondoka na pikapu tupu bila kuaga.

Bi Matope alichuchumaa kando ya kiti. "Mama, si ulikuwa unataka kuondoka?"

"Nilitaka."

"Ungeondoka tu. Wangerudi wenyewe baada ya siku mbili."

"Na wewe ungenifuata lini?" Bibi aliuliza. Mkwewe alikuwa na kasoro ya kujibu swali aliloulizwa, lakini hili hakulijibu. Bibi akamfunga kanga vizuri begani. "Basi ondoka hapo mbele. Unanikinga, hawanioni."

Msichana wa nyumba ya kona ndiye aliyekuja wa kwanza, kichanga kikiwa chini ya kidevu chake. Alisimama mvuani hatua chache kutoka barazani.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Niko. Mpeleke mtoto ndani."

Akaenda. Akafuata mzee na redio yake, ambaye kwa umri hakupaswa kumwamkia, akamwamkia. Wakafuata wenye kabati. Walikuja mmoja mmoja, wengine wakijifanya wanapita, na kila mmoja alingoja aitikiwe ndipo ageuke na kurudisha vyombo vyake. Mama Sare alikuwa wa mwisho. Alisimama kwenye mlango wa chumba alichokipanga, kichwa cha cherehani kifuani kama mtoto, akapima kwa macho kiti, ndoo, miguu, na uso wa yule mama mzee.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba," alisema Bibi. "Niko."